Harufu Ndani ya Kompyuta

Mzee Jamaludin alikuwa mwana wa Sameer, na Sameer alikuwa mwana wa Athmani, na Athmani alikuwa mwana wa Jamaludin mkubwa, aliyeuza udi na ubani Mji wa Kale katika zama ambazo neno la mtu lilitosha. Mizani ya duka lao ilining'inia mlangoni, mahali ambapo kila mnunuzi aliiona kwa macho yake. Jamaludin mkubwa aliwafundisha wanawe kuuondoa mkono mbali na mizani kabla ya kutaja uzani, ili asiwepo wa kudhani kwamba kidole nacho kimepimwa. Watu waliposhughulika na harusi waliwatuma watoto wadogo kuchukua udi wao, kwa kuwa pale hata mtoto hakupunjwa. Mzee Jamaludin aliyajua hayo yote kwa moyo, naye aliyakumbusha mara nyingi kuliko watu wa nyumba yake walivyopenda kuyasikia.

Kutoka katika ukoo huo uliotukuka, zama hizi zikamtoa Safwan.

Safwan alikuwa mjukuu wa Mzee Jamaludin, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, akiishi na babu na bibi yake Bombolulu, huku Kisauni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, na viungo viwili tu vilivyozoea kazi, navyo ni vidole gumba. Ukimtuma dukani, alipumua kama aliyetwishwa gunia la saruji. Ukimwambia afagie uwanja, alisukuma taka hadi nyuma ya pipa, akaliachia pipa kazi iliyobaki. Babu yake alimtazama na kujiuliza kama damu nayo huchakaa kama nguo, ikififia kila ifuliwapo.

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Bibi Basma, mke wa Mzee, alitia makaa ndani ya chetezo na kuweka juu yake udi alioupika mwenyewe kwa sukari, miski na mawaridi. Kazi ya Safwan ilikuwa kukizungusha chetezo hicho nyumba nzima ili usiku wa Ijumaa uingie nyumba ikinukia: chumba hadi chumba, nyuma ya milango, chini ya kanzu zilizotundikwa, hadi kwenye kabati la shuka. Haikuwa kazi ngumu. Hata hivyo, Safwan aliifanya kwa mguno na manung'uniko, akidai kwamba moshi unamwingia machoni na mkono unamuuma.

Kisha, miezi michache iliyopita, manung'uniko yalikoma. Safwan alikipokea chetezo bila neno, akaingia nacho ukumbini, na baada ya muda mfupi ukumbi mzima na ushoroba wake vikanukia kuliko siku zote. Mzee Jamaludin, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimwambia mkewe, "Naona damu imeanza kukumbuka ilikotoka."

"Inshallah," alijibu Bibi Basma, aliyemjua mjukuu wake vyema zaidi.

Katika pembe ya ukumbi huo kulikuwa na kompyuta ya mezani. Aliileta Nadhira, binti yao, aliyekuwa mwalimu wa kompyuta chuoni na mkazi wa Magongo, ili Safwan asomee. Kioo chake kilikaa juu ya meza ya mbao na sanduku lake chini ya meza hiyo, karibu na ukuta. Bibi Basma alilifunika sanduku kwa kitambaa alichokidarizi kwa mkono, kama alivyoifunika runinga na friji, maana nyumba ya watu wa heshima haiachi vitu uchi. Mzee Jamaludin aliidharau kompyuta hiyo kwa haki na usawa. Alisema kwamba katika ujana wake mtu aliweza kuwa mpumbavu bila kuhitaji umeme.

Muhula huo mwalimu alimpa Safwan mradi pamoja na Brandon, kijana wa jirani. Baba yake Brandon, Nicanor, aliendesha winchi bandarini. Watu hao walikuwa wametoka bara, na mbele ya Mzee Jamaludin hilo lilikuwa kosa dogo lisilosamehewa upesi. Vijana hao walitakiwa kuonyesha darasani jinsi taka za plastiki zinavyoisonga mikoko ya Tudor. Brandon ndiye aliyeingia topeni kupiga picha. Safwan alisimama pakavu akimwelekeza. Picha zote na maelezo yote yalikuwa ndani ya kompyuta, na siku ya kuonyesha ilikuwa Jumatatu.

Ijumaa, watu waliporudi kutoka msikitini, kompyuta ilianza kunguruma kama mtu mwenye pumu anayepanda ngazi. Kisha ikazimika ghafla. Safwan akaiwasha, ikanguruma, ikazimika tena. Alipoiwasha mara ya tatu haikufika hata kwenye picha ya kwanza.

"Safwan," aliita Mzee Jamaludin.

"Labeka, Babu."

"Mashine ya shangazi yako ina nini?"

Safwan alitazama sakafu. Sakafu haikumsaidia. "Ni Brandon, Babu. Alileta mchezo wa mpira akauweka humu. Nadhani mchezo huo ulikuwa na virusi. Mimi nilimkataza."

Mzee Jamaludin hakuuliza swali la pili. Jibu hilo lilimpendeza kwa sababu lilifanana na mawazo aliyokwisha kuwa nayo. Alivaa kofia yake, akachukua bakora, akaenda moja kwa moja hadi dukani pembeni mwa njia, ambako Nicanor alikuwa akinunua mkate na wanaume kadhaa walikuwa wamekaa wakinywa kahawa.

"Bwana Nicanor," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "mwanao ameiharibu kompyuta ya nyumba yangu kwa michezo yake. Nilimfungulia mlango kama mwanangu. Kuanzia leo asiuguse tena."

Brandon alikuwa nyuma ya baba yake, amebeba maziwa. "Babu, shikamoo," alisema. "Ni kweli niliweka mchezo. Lakini Safwan ndiye aliniomba, na tulicheza wote. Mimi sijaharibu kitu."

"Nilizungumza na baba yako."

Nicanor alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama mzee, akawatazama wale wanaume waliokuwa wameacha kunywa kahawa ili wasikie vizuri. "Nimekusikia, Mzee," alisema. "Mwanangu hataingia kwako tena, wala kwa mtu mwingine yeyote. Jumatatu nitamwambia mwalimu amtoe kwenye huo mradi. Sitaki kusikia jina letu likitajwa namna hii barabarani."

Akamshika mwanawe bega, wakaondoka. Mzee Jamaludin alirudi nyumbani akiwa mwenye kuridhika, jambo ambalo mara nyingi huwa dalili mbaya kwa mtu mzima.

Jumamosi asubuhi Nadhira alifika kutoka Magongo na mkoba wa vifaa. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mashine yako imekufa."

"Mashine haifi, Baba. Huuawa." Nadhira alikuwa amerithi ulimi wa baba yake bila kupunguzwa hata kidogo. "Safwan, njoo hapa. Niambie ilivyokuwa."

Safwan alirudia kisa cha Brandon na mchezo wa mpira, safari hii kwa ufasaha zaidi, kwa maana uongo nao hunoleka kwa mazoezi. Nadhira alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaiwasha kompyuta bila kuugusa mchezo, akafungua ukurasa unaoonyesha joto la prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Tarakimu ilipanda mbio. Ilipofika digrii tisini na nane, kioo kikawa cheusi.

"Mchezo haujafunguliwa," alisema Nadhira, "na mashine imezimika. Inajizima yenyewe ili isiungue. Mchezo mzito humtoa punda jasho, sikatai. Lakini punda mzima hutoka jasho akaendelea na safari. Huyu wetu kuna mtu amemziba pua. Chomoa waya ukutani."

"Mimi, Shangazi?"

"Kwani hapa kuna Safwan mwingine? Lete sanduku hilo juu ya meza. Kwanza kiondoe hicho kitambaa cha Bibi. Ni kizuri sana, lakini kimevalishwa kitu kinachohitaji kupumua."

Safwan akalivuta sanduku kutoka chini ya meza. Nadhira akamwamuru aguse chuma cha sanduku kwanza, ili umeme mdogo unaokaa mwilini utoke usije ukadhuru sehemu za ndani, kisha akampa bisibisi. Kijana alifungua skrubu zake kwa mikono iliyokuwa na haya. Ubavu wa sanduku ukatoka.

Hapo Mzee Jamaludin, aliyekuwa amekaa kitini pake akisubiri kuona virusi vya Brandon, aliinua kichwa.

Harufu ilitoka ndani ya sanduku ikajaa ukumbini. Haikuwa harufu ya waya ulioungua. Ilikuwa miski, na mawaridi, na sukari iliyoungua juu ya makaa, na chini ya yote, udi. Mzee Jamaludin alikuwa mwana wa wauza udi kwa vizazi vitatu. Angeweza kufungwa macho na kutiwa katika ukumbi wenye vyetezo ishirini, naye akakitambua cha mkewe. Hiki kilikuwa cha mkewe.

Aliinuka, akainama juu ya sanduku. Juu ya prosesa palikuwa na bonge la chuma lenye mbavu nyembamba nyingi, na juu ya mbavu hizo feni ndogo. Lakini mbavu hazikuonekana. Zilikuwa zimezibwa kwa kitu cha rangi ya kahawia, kizito na chenye kunata, mchanganyiko wa masizi na vumbi la njia, kilicholala kama blanketi. Mapanga ya feni yenyewe yalikuwa yamevaa manyoya.

"Subhanallah," alisema Nadhira kwa upole. "Tumepata virusi."

Mzee Jamaludin alichovya kidole, akakinusa, akakiangalia kwa muda. "Safwan."

"Labeka, Babu."

"Siku ya Alhamisi chetezo huwa unakipeleka wapi?"

"Nakizungusha, Babu. Chumba hadi chumba."

"Chumbani kwangu hakujanukia tangu mwezi wa Ramadhani. Nilidhani ni pua yangu imezeeka. Nakuuliza tena, na utakapojibu kumbuka kwamba moshi hauwezi kupiga hodi kwenye sanduku lililo pembeni mwa ukumbi ukiwa chumba cha pili."

Bibi Basma, aliyesikia kutoka jikoni, alikuja akifuta mikono. Alipiga goti, akafunua ukingo wa mkeka chini ya meza. Palikuwa na majivu, na katika mkeka palikuwa na duara jeusi lenye ukubwa sawasawa na kitako cha chetezo.

"Makaa ya moto," alisema Bibi Basma taratibu, "chini ya meza ya mbao. Juu ya mkeka. Ndani ya nyumba ninamolala."

Hapo Safwan akazungumza, na alipoanza hakusita tena. Alisema kwamba aligundua feni ya kompyuta huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Basi akawa anakiweka chetezo mbele ya sanduku, anaiwasha kompyuta, na kompyuta inavuta moshi na kuutawanya ukumbini yenyewe, huku yeye akicheza. Aliona ni akili. Mchezo wa mpira ni yeye aliyemwomba Brandon aulete. Wala hakumkataza.

Mzee Jamaludin alimtazama mjukuu wake kama anavyotazamwa samaki aliyelala sokoni tangu juzi.

"Akili," alisema. "Nimewahi kusikia mtu aliyekuwa mvivu wa kubeba maji akatoboa dari ili mvua imfikie kitandani. Naye alijiita mwenye akili. Kumbe alikuwa akikusubiri wewe mpate kuwa wawili."

"Nisamehe, Babu."

"Usiniombe mimi. Uvivu wako ulinigharimu harufu tu. Uongo wako ulimgharimu mtoto wa watu jina lake, na mimi ndiye niliyekubebea uongo huo hadi dukani, kwa bakora yangu na kofia yangu, kama mchukuzi. Mizani ilikuwa mbele yangu, nikatia kidole." Maneno hayo yalikuwa na ncha, na ilimlazimu kuyameza mwenyewe. "Nadhira, mashine hii inatengenezeka?"

"Inatengenezeka."

"Basi ataitengeneza yeye. Wewe usiiguse hata kwa ukucha. Tumia ulimi tu."

Nadhira akautumia. Safwan akajifunza asubuhi hiyo mambo mengi kuliko aliyoyajua kwa muhula mzima. Alikaa kizingitini na sanduku miguuni pake, akisugua masizi kwa brashi laini, mbavu kwa mbavu. Aliposhika pampu ya mkono ya kupulizia vumbi, shangazi yake alimsimamisha.

"Shika mapanga ya feni kwa kidole kwanza. Ukiiacha izunguke kwa nguvu ya upepo utaiharibu, halafu sijui utasema ni jirani yupi."

Vumbi likamrukia usoni. Alikohoa, wala hakuna aliyempa pole.

Kisha akafungua lile bonge la chuma na kulinyanyua. Chini yake, juu ya prosesa, palikuwa na dawa nyeupe iliyokauka na kupasuka kama tope la jangwa. Nadhira alimweleza kwamba dawa hiyo ndiyo daraja la joto. Prosesa hutoa joto, dawa hulipitisha hadi kwenye chuma, chuma hulitandaza katika mbavu zake, na feni huliondoa. Daraja likikauka na mbavu zikizibwa, joto halina pa kwenda. Kijana akaifuta dawa kuukuu kwa pamba na spiriti hadi prosesa ikang'aa. Alipoikamua dawa mpya kutoka kwenye kitubu chake, mkono ulimteleza, akatoa nyingi.

"Wautia mkate siagi?" aliuliza Nadhira. "Futa. Kiasi cha punje ya choroko, basi. Hapa kuzidisha ni kuharibu."

Akafuta, akaanza upya. Akarudisha chuma na kukaza skrubu, pembe moja kisha pembe iliyo mkabala nayo, ili kikae sawa. Akaunganisha waya wa feni. Na sanduku halikurudi chini ya meza. Liliwekwa juu ya kigoda, mbali na ukuta, bila nguo yoyote. Bibi Basma alikitazama kitambaa chake, akakikunja. "Basi nitaifunika ikiwa imelala," alisema.

Kompyuta ikawashwa. Haikunguruma. Wote wanne walitazama tarakimu ikipanda polepole, ikafika digrii arobaini na tano, ikatulia hapo. Picha za mikoko zilikuwepo zote, na katika mojawapo alionekana Brandon, tope hadi magotini, akicheka.

Safwan alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Usicheke," alisema Mzee Jamaludin. "Umetengeneza chuma. Chuma ndicho chepesi. Vaa viatu."

Walifika dukani baada ya alasiri, na Mzee Jamaludin alihakikisha kwamba wanywa kahawa wote wapo. Ambao hawajafika angewangoja. Alimtuma mtoto wa mwenye duka akawaite Nicanor na mwanawe. Nicanor alikuja na uso mgumu, asiyejua kama anaitwa kutukanwa mara ya pili.

"Bwana Nicanor," alisema Mzee Jamaludin kwa sauti ileile ya jana, wala hakuipunguza, "jana nilisimama hapa nikasema mwanao ameharibu kompyuta yangu. Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikuuliza pia, na mtu wa umri wangu kutouliza ni aibu ileile. Aliyeiharibu ni huyu hapa. Atakwambia mwenyewe."

Safwan alisema yote, tangu chetezo hadi mchezo. Hakuna aliyemkatiza. Mwisho akasema, "Brandon hakukosa chochote. Nilimsingizia kwa sababu nilijua Babu ataniamini."

Mmoja wa wanywa kahawa aliguna. "Kumbe mjukuu wa wauza udi anafukiza mashine."

"Cheka," alijibu Mzee Jamaludin. "Leo una ruhusa."

Nicanor akampa Mzee mkono. "Mzee, jambo hili wengine wangelimaliza chumbani. Umelileta pale pale ulipolianzisha. Limekwisha." Akamgeukia mwanawe. "Je, wewe?"

Brandon alimpima Safwan kutoka kichwani hadi miguuni, maana uso wa Safwan ulikuwa bado na masizi. "Jumatatu mimi ndiye nitaongea mbele ya darasa," alisema. "Na wewe ndiye utaingia topeni safari ingine. Mimi nitasimama pakavu nikuonyeshe."

"Sawa," alisema Safwan.

"Na hiyo kompyuta yenu, sasa inanuka aje?"

"Bado inanukia udi."

"Basi angalau ni virusi vya harusi," alisema Brandon, na hapo hata Nicanor akacheka.

Njiani kurudi, Mzee Jamaludin alikwenda polepole akigonga bakora. Safwan alitembea nyuma yake, akiwa amebeba mkate wa dukani bila kuguna.

"Sikiliza," alisema babu bila kugeuka. "Jamaludin mkubwa hakuheshimiwa kwa sababu aliuza udi. Udi uliuzwa na wengi, na wengi wao wamesahauliwa. Aliheshimiwa kwa sababu aliuondoa mkono mbali na mizani. Heshima ya ukoo hairithiwi kama kanzu. Kila anayezaliwa huianza upya, na mvivu mmoja mwenye ulimi mwepesi anatosha kuimaliza kwa siku moja. Kazi ndogo uliyoikwepa ilizaa masizi, masizi yakazaa uongo, uongo ukataka kumla mtoto wa jirani. Alhamisi ijayo utakizungusha chetezo, na utaanzia chumbani kwangu."

"Naam, Babu."

"Na nyuma ya milango."

"Na nyuma ya milango, Babu."

Basi nanyi mnaokaa mbele ya mashine mkidhani vidole gumba viwili vinatosha kumfanya mtu: inukeni mfanye kazi mliyopewa, kwa mikono yenu wenyewe, hadi mwisho wake. Mkikosea, semeni mmekosea kabla pua ya mzee haijawatangulia. Mliozaliwa katika majina makubwa msijisifu nayo, kwa kuwa hamkuyajenga. Na mnapoambiwa hayo na waliowatangulia, msitazame sakafu. Tazameni juu, msikie, mtii.